Kaunti ya mashamba matupu inaingiaje kwenye orodha ya metropolitani huko Marekani?

RamaniTanga ameuliza:

Salaam wakuu. Naomba msaada wa wajuzi wa takwimu na jiografia.

Natengeneza ramani ya Marekani inayotenganisha kaunti za mjini na za vijijini, kwa kutumia orodha rasmi ya maeneo ya kitakwimu ya metropolitani (jiji pamoja na kaunti zinazoambatana nalo) iliyotoka Julai 2023. Ramani imekubali kuchoreka, ila matokeo yananitatiza. Kaunti ya Armstrong, Texas, ilikuwa na watu 1,848 kwenye sensa ya 2020, na bado imo ndani ya metropolitani ya Amarillo. Coconino, Arizona, ambayo ndani yake kuna korongo la Grand Canyon, nayo ni metropolitani. Wakati huohuo zipo kaunti zenye mji wa maana na watu mara kumi ya hao wa Armstrong, na hazimo.

Nani anaamua? Kaunti huwa inaomba kuingizwa, kama huku kwetu halmashauri inavyoomba kupandishwa hadhi? Kigezo ni wingi wa watu, umbali, barabara, au kitu gani? Na je, nikipata takwimu zao naweza kupiga hesabu mwenyewe nikafika kwenye jibu lilelile?

Baadaye nataka kujaribu kipimo hichohicho kwa Muheza na Mkinga dhidi ya Jiji la Tanga, au Bagamoyo dhidi ya Dar es Salaam. Kwa hiyo nahitaji kanuni yenyewe, siyo maelezo ya juujuu.

---

Jedwali_Chumbageni amejibu:

Waalaikum salaam mkuu. Kaunti haiombi, wala haipigiwi kura. Ni fomula, na ndiyo maana unaweza kuirudia mwenyewe mezani.

Anayetoa orodha ni Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, iliyo chini ya Ikulu ya Marekani. Ofisi ya Sensa ndiyo inayoleta namba. Kazi hii ilianza mwaka 1949, kwa ajili ya sensa ya 1950, ili idara zote za serikali ziache kila moja kujichorea mipaka yake ya jiji. Kanuni huandikwa upya kila muongo. Zinazotumika sasa zilitangazwa Julai 2021, na orodha iliyotokana nazo ndiyo hiyo ya Julai 2023. Maoni ya watu yanaombwa pale kanuni zinapoandikwa. Zikishapitishwa, hakuna mbunge wala meya wa kusema "kaunti yangu itoeni".

Mambo yanakwenda hivi. Kwanza kinatafutwa kiini, yaani eneo la mji lililojengeka lenye watu 50,000 au zaidi. Likiwa na watu kati ya 10,000 na 49,999, kinachozaliwa ni micropolitani, siyo metropolitani. Zingatia kwamba kiini hiki hakifuati mipaka ya manispaa. Ofisi ya Sensa inakijenga kutokana na vitalu vidogo vya sensa kwa kuangalia msongamano wa nyumba: kwa kanuni za 2020, kinaanzia vitalu vyenye nyumba zisizopungua 425 kwa maili moja ya mraba, kisha kinaendelea kuunganisha jirani.

Halafu zinatafutwa kaunti za kati. Kaunti ni ya kati ikiwa angalau nusu ya watu wake wanaishi ndani ya maeneo ya mji yenye watu 10,000 au zaidi, au ikiwa ina angalau watu 5,000 walio ndani ya eneo moja la mji la ukubwa huo. Moja kati ya hayo mawili inatosha.

Tatu ndiyo hatua inayojibu swali lako: kaunti za pembezoni. Hapa wingi wa watu hauulizwi kabisa. Hakuna kiwango cha chini cha watu, hakuna kipimo cha umbali, hakuna habari ya lami. Kinachopimwa ni kwenda kazini. Kaunti inaingia ikiwa

- angalau asilimia 25 ya wafanyakazi wanaoishi humo wanafanya kazi katika kaunti za kati, au
- angalau asilimia 25 ya ajira zilizomo humo zimeshikwa na watu wanaoishi katika kaunti za kati.

Watu wengi wanakumbuka sharti la kwanza na kulisahau la pili. Kaunti yenye mgodi au gereza kubwa katikati ya pori inaweza kuingia kwa sababu waajiriwa wanatoka mjini asubuhi na kurudi jioni, hata kama wenyeji wenyewe hawaendi mjini.

Armstrong imeingia kwa mlango huu wa kaunti za pembezoni. Watu wachache waweza kuwa na wafanyakazi wachache, lakini asilimia ni asilimia.

Sasa hesabu. Chukua kaunti ya kubuni, tuiite Z, yenye wakazi 10,500 na wafanyakazi wakazi 4,200. Wanafanya kazi hivi:

- ndani ya Z yenyewe: 2,650
- kaunti za kati za metropolitani A: 1,071
- kaunti ya pembezoni ya hiyohiyo A: 310
- kwingineko: 169

1,071 gawanya kwa 4,200 ni asilimia 25.5. Z imeingia. Mpaka ulikuwa watu 1,050, kwa hiyo imevuka kwa watu 21 tu.

Makosa yanayotokea hapo ni haya. Kuna anayegawa kwa wakazi wote 10,500, anapata asilimia 10.2 na kushangaa. Kigawanyo ni wafanyakazi, siyo wakazi. Watoto na wengine wasiofanya kazi hawamo. Kuna anayejumlisha wale 310 wanaokwenda kaunti ya pembezoni. Hawahesabiwi. Zinahesabika kaunti za kati peke yake, na ndiyo kinachozuia metropolitani isiendelee kujivuta kaunti baada ya kaunti hadi ivuke jimbo. Kuna pia anayejumlisha miji miwili: asilimia 19 wanakwenda A, asilimia 12 wanakwenda B, jumla 31, basi imeingia. Haikuingia popote. Lazima 25 ipatikane kwa metropolitani moja.

Kaunti ikifuzu kuwa pembezoni ya mbili kwa wakati mmoja, inapewa ile yenye uzito mkubwa zaidi wa asilimia. Ikiwa ni ya kati kwa moja na pembezoni kwa nyingine, inabaki kule ilikokuwa ya kati. Na lazima igusane na kaunti nyingine za metropolitani hiyo. Haiwezi kuelea peke yake kama kisiwa.

---

Kaole_Pwani amejibu:

Jedwali amemaliza sehemu ngumu. Naongeza kuhusu Coconino, kwa sababu hiyo haikuingia kwa njia ya pembezoni.

Coconino ni kaunti ya kati, na iko peke yake kwenye metropolitani ya Flagstaff. Mji wa Flagstaff ulikuwa na watu 76,831 mwaka 2020, kaunti nzima 145,101. Kiini kimevuka 50,000, kaunti ikawa ya kati, na kwa kuwa kaunti haikatwi vipande, korongo zima la Grand Canyon, misitu na jangwa vikaingia pamoja na mji. Eneo lake ni kilomita za mraba takriban 48,000. Mkoa mzima wa Tanga, kuanzia Lushoto hadi Pangani, ni kama 27,000. San Bernardino ya California ni kubwa zaidi, imepita 50,000, na sehemu kubwa ni jangwa la Mojave. Watu wamejaa kwenye kona ya kusini-magharibi.

Kwa hiyo wakuu, tatizo la msingi ni kipande cha kupimia. Kaunti za mashariki ni ndogo na za magharibi ni kubwa mno. Kanuni ni moja, lakini inatoa picha tofauti: Georgia, kwa mfano, ina kaunti 159 ndogondogo, hivyo metropolitani ya Atlanta inaundwa na kaunti nyingi zinazokaguliwa moja moja, hadi Heard kule mpakani mwa Alabama. Arizona ina kaunti 15 tu. Huko ukikamata mji mmoja umekamata na nyika yote.

Kuhusu zile kaunti zenye watu wengi zilizoachwa nje, kwanza soma safu inayotofautisha metropolitani na micropolitani. Nyingi zimo kwenye orodha, ila kama micropolitani. Kiini chenye watu 48,000 ni micropolitani hata kama kina hospitali, chuo na uwanja wa ndege. Mpaka huo wa 50,000 nusura ubadilike: Januari 2021 lilitolewa pendekezo la kuupandisha hadi 100,000, na metropolitani 144 zingeshuka daraja. Upinzani ulikuwa mkubwa, pendekezo likaachwa. Mimi naona walifanya sawa kutolibadilisha ghafla, kwa sababu idara nyingi zilikuwa zimeshafunga mafungu ya fedha kwenye neno hilo bila kuangalia kama linafaa.

---

RamaniTanga ameandika:

Ahsanteni sana mashekhe, nimepata mwanga. Nimeifungua tena orodha na kweli ipo safu ya mwisho inayosema kaunti ni ya kati au ya pembezoni, nilikuwa siitazami.

Mambo mawili bado. Takwimu za kwenda kazini zinatoka wapi, na zinaaminika kwa kaunti ndogo kama Armstrong? Halafu, kaunti ikiingizwa, nini kinabadilika kwa mwananchi? Huku kwetu kijiji kikiingizwa mjini, serikali ya kijiji inakoma, unazaliwa mtaa, na ardhi inatoka mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Je, huko ni hivyo?

---

Jedwali_Chumbageni amejibu:

La kwanza nalijibu mimi.

Zinatoka kwenye utafiti wa Ofisi ya Sensa unaofanyika kila mwezi mwaka mzima, ambapo majibu ya miaka mitano yanaunganishwa ili kaunti ndogo zipate namba za kutosha. Orodha ya 2023 imetumia miaka 2016 hadi 2020. Swali linamlenga mtu wa miaka 16 na kuendelea aliyefanya kazi: wiki iliyopita ulifanyia kazi mahali gani? Jibu linapewa msimbo (namba ya utambulisho) wa kaunti, kisha unatoka mkeka mkubwa wa kaunti kwa kaunti, wakazi upande mmoja na mahali pa kazi upande wa pili. Mkeka huo uko wazi mtandaoni, ndio utakaotumia.

Kuaminika ni suala jingine. Kila namba kwenye mkeka ina ukingo wa makosa, uliopigwa kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 90. Rudi kwenye kaunti yetu Z: kama wale 1,071 wana ukingo wa 190 juu na chini, basi asilimia halisi inaweza kuwa 21 au 30. Kanuni haiangalii ukingo. Inachukua kadirio lilivyo, na 25.0 imepita, 24.9 imeanguka. Ndiyo maana kaunti ndogo huonekana kuingia muongo huu na kutoka muongo ujao bila chochote kubadilika barabarani. Kwenye ramani yako ningetia rangi hafifu kaunti zote za pembezoni zenye asilimia kati ya 22 na 28, msomaji ajue kwamba hapo mpaka unatikisika.

Na anayefanyia kazi nyumbani anahesabiwa kuwa amefanya kazi kwenye kaunti anayoishi, hata kama mwajiri wake yuko mjini. Katika miaka 2016 hadi 2020 hao walikuwa wachache, isipokuwa mwishoni. Orodha itakayotumia miaka ya baadaye itawabeba kwa wingi, na kaunti za mpakani zinaweza kuanguka kwa sababu hiyo tu.

---

BintiUsagara amejibu:

Salaam nyote. Kaka RamaniTanga, swali lako la pili ndilo muhimu kuliko yote, niruhusu niliseme kwa kirefu.

Kiutawala hakuna kinachobadilika. Kaunti inabaki na viongozi wake, kodi zake, shule zake, sherifu wake. Metropolitani haina meya, haina ofisi, haina mamlaka juu ya ardhi. Hapo ndipo panapotofautiana kabisa na hali ya kwetu, ambako hatua ya kubadilisha hadhi ya eneo ni ya kiserikali, inapita TAMISEMI, na inagusa nani anagawa kiwanja na nani anaitisha mkutano. Ukilinganisha vitu hivi viwili kama ni kimoja utapotosha wasomaji wako.

Lakini fedha zinabadilika. Ofisi inayotoa orodha yenyewe inasema imetengenezwa kwa ajili ya takwimu tu, na kwamba haigawi nchi kuwa mjini na kijijini. Bunge na idara zikaichukua hivyo hivyo na kuitumia. Tazama mifano.

Bima ya afya ya wazee, Medicare, inarekebisha malipo ya hospitali kwa kipimo cha mishahara cha eneo. Hospitali zilizo ndani ya metropolitani moja zina kipimo chao, na kaunti zote za jimbo zilizobaki nje zinawekwa kapu moja la vijijini. Kaunti ikihama kutoka kapu hadi metropolitani, malipo ya hospitali yake yanapanda au kushuka siku hiyohiyo ya mwaka wa fedha, wakati manesi na wagonjwa ni walewale.

Kuna pia hospitali ndogo za vijijini zenye utaratibu maalumu wa kulipwa kulingana na gharama. Sharti ni vitanda visivyozidi 25, umbali zaidi ya maili 35 hadi hospitali nyingine (maili 15 penye milima au barabara za daraja la chini), na kuwa eneo la kijijini. Kaunti ikiitwa metropolitani, sharti hilo la mwisho linayumba. Sheria inawapa njia ya kuomba watambuliwe kama wa kijijini, ila mtu lazima aombe, na hospitali yenye watumishi wachache inaweza kuchelewa.

Wizara ya Nyumba nayo inapanga kodi elekezi za nyumba kwa kaya zenye kipato kidogo kwa kufuata maeneo ya metropolitani. Kiwango kinawekwa kwenye asilimia ya 40 ya kodi za eneo, maana yake nyumba 40 kati ya 100 ziko chini yake. Kaunti ya mashamba ikiunganishwa na jiji la kodi kubwa, kiwango kinapanda hadi kule shamba. Kwa mpangaji anayesaidiwa ni nafuu, lakini kodi za soko dogo nazo zinaweza kupanda. Wizara hiyo imelazimika kuzikata baadhi ya kaunti na kuzipa kiwango chake peke yake.

Mwishoni mwa 2022 ilipitishwa sheria ya kuzuia mabadiliko ya kanuni hizi yasitiririke yenyewe moja kwa moja kwenye mafungu ya fedha. Idara inayotaka kuyafuata lazima itangaze na kupokea maoni kwanza. Kwangu mimi hilo lilichelewa sana.

Sasa kwa ramani yako. Kama unataka kuonyesha kijiji ni wapi, hiyo orodha peke yake si chombo sahihi. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina misimbo ya ngazi ya kitongoji cha sensa (kipande kidogo ndani ya kaunti), kuanzia 1 hadi 10, inayochanganya msongamano na mwelekeo wa kwenda kazini. Ofisi ya afya ya vijijini inaitumia: ndani ya kaunti ya metropolitani, kitongoji chenye msimbo 4 hadi 10 kinatambuliwa kuwa cha kijijini, pamoja na vitongoji vya msimbo 2 na 3 vyenye eneo la maili za mraba 400 au zaidi na watu wasiozidi 35 kwa maili. Kwa njia hiyo nyika ya Coconino inarudi kuwa nyika na Flagstaff unabaki kuwa mji.

Jambo la mwisho, nalisisitiza. Usichukue "vijijini" ya orodha ya miaka ya sabini ukailinganisha na "vijijini" ya 2023. Katika kaunti na maeneo yanayohesabiwa sawa na kaunti 3,144, zilizobaki nje ya metropolitani sasa ni 1,958. Kaunti za vijijini zilizostawi zikajaa watu zilihamishwa na kuitwa metropolitani. Zilizobaki ni zile ambazo hazikukua. Mtu anachora mstari unaoshuka na kuandika kwamba vijiji vinakufa, kumbe kila muongo anawaondoa waliofanikiwa kwenye kundi. Chagua orodha ya mwaka mmoja, ifungie hapo, kisha fuatilia kaunti zilezile mbele na nyuma.

---

Kaole_Pwani amejibu:

BintiUsagara umetoa somo kamili. Mimi nirudi nyumbani kwenye lile la Bagamoyo, maana nimeona watu wakilijaribu vibaya.

Njia mbaya ni kwenda kituo cha Makumbusho asubuhi na kuhesabu wanaoshuka kwenye daladala za Bagamoyo. Umepata wanaosafiri, hukupata wasiosafiri, kwa hiyo huna kigawanyo. Pia umewakosa wenye pikipiki, wanaoshukia Bunju na Tegeta, na wanaopanda gari la kazini. Anzia kwenye kaya, siyo kwenye basi.

Kabla ya hapo amua kipande cha kupimia, kwa sababu jibu litategemea hapo. Ukichukua wilaya nzima ya Bagamoyo umeingiza na Halmashauri ya Chalinze, yaani Msata, Lugoba na Miono, ambako maisha yanatazama barabara ya Morogoro na ya Tanga. Asilimia itazimuliwa. Ukichukua Halmashauri ya Bagamoyo peke yake unapata picha nyingine. Ukishuka hadi kata, Mapinga na Kerege zilizo upande wa Bunju zitakuwa na majibu tofauti na Dunda na Magomeni pale mjini. Ushauri wangu: kusanya kwa kata, toa hesabu kwa halmashauri, na onyesha zote mbili. Upande wa kati chukua wilaya tano za Dar es Salaam kama kitu kimoja: Kinondoni, Ubungo, Ilala, Temeke na Kigamboni.

Swali liwe hivi: "Katika siku saba zilizopita, siku nyingi ulifanyia kazi wapi? Taja wilaya na kata." Usiulize "kwa kawaida", kila mtu anaielewa anavyotaka. Mwajiriwa atajibu upesi. Wasio na mwajiri ndio wanaohitaji maelekezo yaliyoandikwa mapema, wadodosaji wote wafuate moja: mvuvi ni pale anaposhusha samaki; bodaboda ni kijiwe anachopaki; dereva wa daladala ni kituo anachoanzia; mkulima ni lilipo shamba, siyo nyumba. Mchuuzi anayenunua samaki Bagamoyo na kuwauzia Feri ahesabiwe kule alikotumia siku nyingi zaidi. Zikilingana, weka mahali anapouzia, na uandike kwamba uliamua hivyo.

Idadi ya wahojiwa: unataka kujua kama uko juu au chini ya asilimia 25, na unakubali kukosea pointi 4 kwa uhakika wa asilimia 95. Hesabu ni 3.84 mara 0.25 mara 0.75, gawanya kwa 0.0016, unapata wafanyakazi 450. Hao ni kama ungewachagua mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Kwa kuwa utakwenda kitongoji kwa kitongoji, na majirani hufanana, zidisha kwa mbili: 900. Wahojiwa wawe wafanyakazi wote wa kaya iliyochaguliwa, wakiwemo waliotoka alfajiri. Mdodosaji akifika saa nne asubuhi akamhoji tu aliyemkuta nyumbani, amewaondoa walewale anaowatafuta. Arudi jioni baada ya magharibi, au Jumapili.

Na gawanya kazi kwa misimu. Ukiuliza wakati wa masika, wengi wako shambani. Ukiuliza kiangazi wengine wameshatafuta vibarua mjini. Nusu ya sampuli msimu mmoja, nusu mwingine.

Kwa Muheza na Mkinga utaratibu ni uleule, ila kuna jambo la Tanga: mpaka wa Jiji tayari una kata zenye sura ya shamba, kama Tongoni na Kirare. Mtu anayetoka Muheza kwenda kulima au kuchimba mawe Pongwe ataonekana amekwenda "jijini" kazini. Kwa kipimo cha Marekani hilo ni halali. Lakini andika kata ya kazi, ili ukitaka uweze kuwatenga wanaokwenda Ngamiani na Chumbageni na wale wanaoishia pembeni.

---

RamaniTanga ameandika:

Mmenitoa gizani. Kwenye data ya Marekani kuna kosa moja limebaki: kaunti kadhaa hazishikani na faili la watu. Alabama yote imebaki nyeupe kwenye ramani, na Connecticut pia.

---

Jedwali_Chumbageni amejibu:

Sababu mbili tofauti.

Alabama ni sifuri ya mbele. Msimbo wa kaunti ni tarakimu tano: mbili za jimbo, tatu za kaunti. Autauga ni 01001. Programu ya jedwali ikiisoma kama namba inaandika 1001 na haishikani tena. Majimbo yote ya msimbo 01 hadi 09 yatapatwa na hilo, ikiwemo California, ambayo ni 06. Kwenye faili la orodha, msimbo wa jimbo na wa kaunti iko safu mbili. Iingize kama maandishi, jaza sifuri hadi tarakimu 2 na 3, kisha iunganishe.

Connecticut haitapona kwa sifuri. Kaunti zake nane za zamani zimeachwa katika takwimu, zikachukuliwa na kanda tisa za mipango zenye misimbo mipya. Orodha ya 2023 inatumia kanda, faili lako la sensa ya 2020 linatumia kaunti, na mipaka haifanani, kwa hiyo usijaribu kulazimisha jina kwa jina. Chukua idadi ya watu ya 2020 katika ngazi ya mji, kila mji uko ndani ya kanda moja, ijumlishe upya. Ukimaliza, jumla ya jimbo lazima iwe 3,605,944. Ikipungua hata mtu mmoja, kuna mji umeuacha.